Anayeamua Naye Aulizwe

Muhula wa pili uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi la kuigiza kesi. Kisa tulikitunga wenyewe: mzee mmoja ameshtakiwa kwa kuliteketeza ghala la mahindi la jirani yake, baada ya ugomvi wa miaka mingi kuhusu mstari wa mikonge uliotenganisha mashamba yao. Tulikuwa na hakimu, mawakili, mashahidi, na mshtakiwa aliyejitanda blanketi begani, si kwa ajili ya mchezo tu bali kwa sababu mwezi wa Julai hapa Nunguni ukungu huingia hata darasani. Kwa kuwa wanafunzi walikuwa wengi kuliko kazi za kugawa, niliwaambia tuige mtindo wa Uingereza na Marekani, ambako raia wa kawaida huteuliwa kusikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Kundi hilo huitwa juri. Wanane wakajitokeza.

Msichana aliyekuwa wakili wa mshtakiwa alipewa ruhusa ya kuwahoji wale wanane kabla hawajaketi. Akaanza kama alivyoelekezwa: "Je, utaamua kwa haki bila kumpendelea yeyote?" Wote, mmoja baada ya mwingine, wakajibu kwamba wataamua kwa haki. Kiongozi wa mashtaka akaridhika, hakimu naye akaridhika. Lakini msichana yule hakuketi. Alilitazama daftari lake kitambo, kisha akauliza swali ambalo mimi sikumfundisha: "Nani kati yenu kwao wana ugomvi wa mpaka?"

Mikono mitano ikainuka.

Darasa zima liliangua kicheko. Kicheko kilipotulia, mvulana mmoja wa dawati la nyuma aliniuliza, "Sasa Mwalimu, hao wengine tutawatoa wapi?" Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu wakati huo, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata.

Yafaa kwanza nikumbushe jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui, kwamba juri si kitu kigeni kabisa katika nchi hii. Wakati wa ukoloni Kenya ilikuwa nayo, ila ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mzungu aliposhtakiwa kwa kosa kubwa mbele ya Mahakama Kuu ya wakati huo, alihukumiwa na Wazungu wenzake. Mwafrika aliposhtakiwa, jaji aliketi na wazee washauri, ambao walitoa maoni yao lakini jaji hakulazimika kuyafuata. Kwa maneno mengine, sifa kubwa iliyotakiwa kwa mjumbe wa juri ilikuwa rangi ya ngozi yake, na sifa hiyo haikuhitaji maswali.

Matokeo yake yamo katika vitabu vya historia. Mwaka wa 1911 mlowezi Galbraith Cole alimuua kwa risasi Mwafrika mmoja aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo. Hakukana kwamba alifyatua bunduki. Juri ikamwachilia huru, na ikambidi gavana amfukuze nchini kwa amri ya serikali, maana kortini haki ilikuwa imekwisha kushindikana. Mwaka wa 1923 ikafuata kesi ya kijana aliyeitwa Kitosh, mfanyakazi wa mlowezi mmoja wa Molo. Kijana huyo alimpanda farasi wa bwana wake badala ya kumwongoza kwa miguu. Akachapwa, akafungwa, na usiku ule akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru. Palitolewa hoja kwamba Mwafrika anaweza kuamua mwenyewe kufa na akafa kweli, hata majeraha yake yasipokuwa ya kuua. Juri haikuona mauaji. Iliona kosa la kumjeruhi mtu vibaya, na mlowezi yule akapewa kifungo cha miaka 2. Karen Blixen alikiandika kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka wa 1937, na yeyote anayekisoma hujiuliza ni watu wa namna gani walioketi katika viti vile na kuikubali hoja ile.

Mimi nadhani walikuwa watu wa kawaida. Huenda walikuwa wakulima waliolipa madeni yao na kwenda kanisani. Kama mtu angewauliza asubuhi ile kama wangeamua kwa haki, wangejibu ndiyo, tena kwa moyo safi, kama walivyojibu wanafunzi wangu. Swali ambalo lingefichua kitu ni jingine: "Wewe nawe umewahi kumchapa mfanyakazi wako?" Mtu anayetenda jambo lile lile analotakiwa kulihukumu hawezi kuliona kuwa kubwa.

Hata hivyo, nisije nikaonekana kusema kwamba damu ya mtu ndiyo hukumu yake. Mwaka wa 1959 Mzungu mmoja jijini Nairobi, Peter Poole, alimpiga risasi na kumuua Kamawe Musunge, ambaye alikuwa amewarushia mawe mbwa wake. Juri ya Wazungu watupu ilisikiliza ushahidi na kumwona ana hatia ya kuua, na tarehe 18 Agosti 1960 Poole akanyongwa. Wajumbe wale walijua fika kwamba majirani zao wangewanunia. Kwa hiyo rangi haitoshi kutuambia mtu ataamua vipi. Ndiyo maana inafaa aulizwe.

Wamarekani ndio waliolifanya jambo hili la kuuliza kuwa fani kamili. Mwaka wa 1807, Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais, aliposhtakiwa kwa uhaini, Jaji Mkuu John Marshall alikabiliwa na tatizo kwamba kila mtu nchini alikuwa amekwisha kusikia habari za Burr. Alieleza kwamba mtu kuwa na fikira nyepesi kuhusu kesi si kosa, mradi aweze kuusikiliza ushahidi. Anayepaswa kuondolewa ni yule mwenye fikira nzito zilizoota mizizi hata zikaufunga moyo wake. Maneno hayo ni ya busara. Lakini fani ikikomaa huzaa mafundi, na mafundi hutafuta faida. Katika kesi ya O. J. Simpson, wale waliotarajiwa kuketi kwenye juri walipewa fomu yenye maswali 294. Sina hakika kama mwanadamu aliyejaza fomu ya namna hiyo hubaki na akili ya kusikilizia kesi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba maswali yenyewe yaweza kuwa silaha ya upendeleo. Mfano ni wa Curtis Flowers, mtu mweusi wa jimbo la Mississippi, aliyeshtakiwa mara sita kwa mauaji yale yale. Katika kesi hizo sita, upande wa mashtaka uliwakataa watu weusi 41 kati ya 42 ambao ungeweza kuwakataa. Katika kesi ya sita, watu weusi watano waliokataliwa waliulizwa maswali 145 kwa jumla, na weupe 11 walioketi wakaulizwa 12. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizitazama hesabu hizo mwaka wa 2019 na kuibatilisha hukumu. Tazama, msomaji: wale watano hawakuulizwa maswali mengi ili wajulikane. Waliulizwa mengi ili papatikane kisingizio cha kuwatoa.

Waingereza, ambao ndio waliousambaza mfumo huu, walikwenda njia nyingine. Kwao wajumbe wa juri hawahojiwi sana, na sheria ya mwaka wa 1988 iliondoa haki ya kumkataa mjumbe bila kutoa sababu. Kila mmoja amechagua ugonjwa anaouvumilia.

Nirudi nyumbani Ukambani, kwa sababu hapa ndipo palipotokea kesi ambayo kila nikiifikiria naona jinsi swali la mvulana wangu lilivyo gumu. Mwaka wa 1932 Mahakama Kuu ya wakati huo iliwahukumu Wakamba 60 adhabu ya kifo. Walioshtakiwa ni Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69, kwa kumpiga hadi kumuua mwanamke waliyemwona kuwa mchawi, ambaye walidai alimloga mke wa Kumwaka. Kwa macho yao walikuwa wametekeleza king'ole, adhabu ya jamii iliyotolewa kwa mtu aliyeonekana kuwa hatari kwa wote, na ambayo kwa desturi haikutekelezwa mpaka jamaa za mtu huyo wamekubali. Kwa macho ya sheria ya Kiingereza yalikuwa mauaji tu. Baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa, hawakunyongwa.

Sasa fikiria kwamba tunawatafutia watu wale 70 waamuzi wasiopendelea. Tuwaulize nini? "Je, unaamini uchawi?" Anayejibu ndiyo ataonekana kuwa upande wa washtakiwa. Anayejibu la atakuwa mgeni asiyeelewa hofu iliyowasukuma watu wale kutoka majumbani mwao. Na yule anayejibu kwamba hana maoni yoyote kuhusu uchawi, katika Ukambani wa mwaka wa 1932, bila shaka atakuwa anasema uongo. Mtu asiyejua lolote ni rahisi kumwita mwadilifu, lakini je, atauelewa ushahidi? Na mtu anayejua, ujuzi wake aliupata kwa kuishi, na kuishi humfungamanisha mtu na upande fulani.

Wazee washauri waliendelea kuketi katika kesi za mauaji muda mrefu baada ya Uhuru. Walikuwa watatu, na maoni yao yalibaki maoni. Mwaka wa 2007 Bunge liliwaondoa, na tangu hapo jaji wa Kenya anaamua peke yake. Sikusikia wengi wakiwalilia. Lakini nionavyo mimi tuliwaondoa kabla hatujajaribu kuwatumia vizuri. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na utaratibu wenye funzo: Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo, katika rufaa iliyofunguliwa mwaka wa 1993, ilieleza kwamba ingawa sheria haikuagiza, ilikuwa ni desturi iliyokubalika mshtakiwa aambiwe kwamba anayo haki ya kumpinga mzee wa baraza yeyote asiyemwamini, kabla kesi haijaanza. Ni jambo dogo, la dakika chache. Mshtakiwa anawatazama watu walioketi pembeni mwa jaji, na anaulizwa kama ana neno juu yao.

Sisi Wakenya nasi tumejifunza kuuliza, ila tumeuliza huko juu tu. Baada ya Katiba ya mwaka wa 2010 majaji walianza kuhojiwa hadharani, na nchi nzima ikatazama. Mwaka wa 2011 Dkt. Willy Mutunga alipopendekezwa kuwa Jaji Mkuu, aliulizwa hata kuhusu kipini alichovaa sikioni. Nakumbuka walimu wenzangu wakibishana juu ya kipini kile kwa juma zima katika chumba cha walimu, kana kwamba haki hupitia tundu la sikio. Lakini hata swali la kipuuzi lina faida yake: aliyeulizwa alijua kwamba anatazamwa.

Huku chini, kwenye mashamba, hakuna anayeulizwa. Na huku chini ndiko kesi zetu zilipo. Mahakama ya Kilungu haiko mbali nasi, lakini mtu mwenye matuta mawili ya kugombania hana nauli ya mara kumi wala ada ya wakili. Huenda kwa wazee. Sheria ya mwaka wa 1990 iliwapa wazee nafasi katika mabaraza ya migogoro ya ardhi. Mabaraza hayo yakafutwa mwaka wa 2011. Lakini Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba njia za jadi za kusuluhisha migogoro ziendelezwe, mradi zisivunje haki za kimsingi za binadamu, na mwezi wa Agosti 2020 Idara ya Mahakama ikazindua sera ya mifumo mbadala ya haki. Mimi naiunga mkono sera hiyo. Nimewaona wazee wakiwapatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani kwa miaka 12, jambo ambalo hakimu, kwa kalamu yake, asingeliweza.

Lakini pia nimeona jambo jingine, na hapa sina budi kujitaja.

Miaka mitatu iliyopita niliitwa kuketi na wazee sita katika kijiji kimoja cha milima hii. Mjane mmoja, aliyeolewa huku kutoka pande za Kitui, alikuwa akigombania matuta mawili ya chini, karibu na kijito, na shemeji yake. Wanne kati ya wale sita walikuwa wa ukoo wa shemeji. Wazee walisema waziwazi kwamba wameniita mimi kwa sababu si wa ukoo wao, na kwa hiyo sina upande. Nilifurahi kuambiwa hivyo. Ni sifa inayompendeza mwalimu.

Kilichokuwa hakijulikani na wengi ni kwamba zamani, nilipopata nafasi katika chuo cha ualimu na kwetu hapakuwa na karo, baba yake shemeji yule ndiye aliyesimamia harambee yangu. Yeye mwenyewe alitoa fahali. Mzee huyo alikwisha kufariki, na kwa miaka mingi sikuwa nikilifikiria jambo hilo kila siku. Lakini lilikuwapo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Mjane aliruhusiwa kuwauliza maswali mashahidi wa shemeji. Hakuruhusiwa kutuuliza sisi, wala haikumpitikia mtu kwamba angeweza. Tuliketi, tukasikiliza, tukazunguka shambani, tukanywa chai. Tuliamua kwamba matuta yabaki kwa shemeji. Ningeapa siku ile kwamba niliamua kwa haki, na hata leo siwezi kusema kwa hakika kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Hilo ndilo linalonisumbua: siwezi kusema.

Mjane alisimama, akajifunga leso yake vizuri, akasema, "Asanteni, wazee." Miezi miwili baadaye nilikutana naye siku ya soko hapa Nunguni, akichagua maparachichi. Tukasalimiana. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe na yule mzee marehemu mlijuana tangu lini?" Nikajibu, "Tangu zamani." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchagua maparachichi yake.

Lile ndilo swali ambalo lingeulizwa kabla sijaketi. Halikuhitaji wakili wala fomu yenye maswali 294. Alilijua yeye mwenyewe, isipokuwa alilipatia nafasi sokoni badala ya barazani.

Kwa hiyo, kijana wangu wa dawati la nyuma, jibu langu ni hili. Hao wengine hatutawapata. Katika milima ambamo watu wameoana, wamekopeshana, wamezikana na kuchangiana karo, mtu asiyefungamana na yeyote hayupo, na akipatikana, nitamwogopa. Tusihangaike kumtafuta. Tunachoweza kufanya ni kuwauliza waamuzi, mbele ya watu wote, mambo yanayojibika. Tusiwaulize kama watatenda haki, maana jibu lake linajulikana. Tuwaulize: Una undugu gani na hawa wawili? Nani kati yao amewahi kukukopesha, kukulipia, kukuajiri, au wewe kumfanyia hayo? Una kesi inayofanana na hii? Baada ya majibu, kila upande uruhusiwe kumkataa mzee mmoja au wawili bila kutoa sababu, na anayekataliwa asichukue kuwa ametukanwa. Mjane wa Kitui angeweza kunisikia nikitaja fahali yule na bado akasema, "Aketi tu, ni mwalimu wa watoto wangu." Hapo ningeketi kwa idhini yake.

Najua pingamizi litakalotolewa, maana nimekwisha kulisikia: kwamba kumuuliza mzee maswali ya namna hiyo ni kumvunjia heshima. Mimi naona kinyume. Jaji Mkuu aliulizwa kuhusu sikio lake mbele ya kamera za televisheni, na heshima yake haikupungua. Tena wazee wetu wa zamani hawakuwa watu wa kuaminiana kwa maneno matupu. Walikuwa na kithitu, kiapo ambacho Mkamba hakukigusa kwa mzaha, kwa sababu walijua kwamba mtu mwema naye huteleza. Kuuliza ni jambo jepesi kuliko kuapa kwa kithitu.

Juma lililopita naibu wa chifu alinitumia ujumbe niketi tena, katika shauri jingine la mpaka. Nimemjibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Nimeorodhesha ndani yake ninavyohusiana na pande zote mbili: mmoja ni baba wa wanafunzi wangu wawili, mwingine aliniuzia mbao kwa mkopo ambao nilimaliza kuulipa mwezi wa Machi. Alinipigia simu akicheka. "Mwalimu," akasema, "ukihesabu hivyo, nani ataketi?" Nimemwomba aisome barua hiyo barazani kabla ya jambo jingine lolote, kisha awaulize wenye shauri kama wananitaka. Baraza ni Jumamosi, saa nne asubuhi.